Nguo ya Sikukuu Iliyombana Mtoto Isilale Sandukuni

Mwezi wa kumi na mbili unabisha hodi. Leo hatuji na mambo ya makaratasi, wala ya kazi, wala ya masomo. Tunakuja na jambo la nguo, na tunaomba msicheke kwanza, someni hadi mwisho.

Tunazungumzia nguo za watoto za sikukuu. Lile gauni jeupe lenye lesi. Ile suti ndogo yenye tai ya lastiki. Ile kanzu na kofia ya Idi. Ule umushanana mdogo wa harusi ya shangazi. Na zile sare za kitenge ambazo nyumba nzima ilishona ili ipige picha ya Bonane. Kila nyumba yenye watoto inazo, hata nyumba zetu sisi tusio na kitu. Zimevaliwa mara 3, mara 4, kisha mtoto akarefuka na mambo yakaishia hapo.

Msimamo wetu ni huu, na tunausema mapema ili hata asiye na muda aondoke nao: nguo ya sikukuu iliyombana mtoto itoke nyumbani ingali nzuri, itoke kabla ya sikukuu, na itoke bila kelele. Isitoke baada ya Bonane. Isingoje panya aitoboe. Na isitoke mbele ya kamera.

Tuanze na hesabu, maana jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la huruma. Mtoto akishapita miaka 2, mpaka afike umri wa kubalehe, anarefuka kama sentimita 5 hadi 7 kila mwaka. Mama zetu hawakuhitaji daktari awaambie hivyo. Ndiyo maana ukienda kwa mafundi wa cherehani mle ndani ya soko la Kimironko utasikia neno moja kila mara: "Fundi, niachie pindo refu." Pindo la sentimita 5 ni mwaka mmoja wa mtoto. Ukilifumua mwaka wa pili, umeokoa gauni. Lakini bega halina pindo. Kifua hakina pindo. Kwapa likianza kubana, hata fundi awe hodari namna gani, nguo hiyo imekwisha kwa mtoto huyo.

Sasa tazameni kalenda. Nguo imeshonwa Desemba. Imevaliwa tarehe 25, ikavaliwa Bonane, ikavaliwa Pasaka, labda na harusi moja katikati. Kati ya hapo ilikuwa imekunjwa, maana mama hataki mtoto aichezee kwenye vumbi. Noeli ya pili imeingia kwa kulazimisha, zipu ikifungwa huku mtoto amevuta pumzi. Noeli ya tatu haiingii. Ukihesabu siku zote ambazo nguo hiyo imekuwa mwilini, hazifiki hata 10. Nguo ya kila siku inakufa kazini: goti linatoboka, kola inalika, rangi inakwenda na sabuni. Nguo ya sikukuu haifi. Inaachwa tu.

Na inaachwa wapi? Kwenye valizi, chini ya kitanda. Tunajua sababu, na nyingine ni za haki kabisa. Kuna mdogo wake anayefuata: hiyo ni sawa, mwekeeni, hatuna neno. Kuna nguo moja ya kumbukumbu, labda aliyovaa siku ya ubatizo, au iliyoshonwa na bibi aliyebaki nyumbani Kongo au Burundi na ambaye hatujui tutamwona lini. Hiyo pia mwekeeni, nguo moja kama hiyo ni picha. Ila tuseme ukweli: kwenye ile valizi hakuna nguo moja. Kuna saba, nane. Kuna gauni la msichana, na waliozaliwa baada yake wote ni wavulana. Hizo ndizo tunazozisemea.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Hapa Rwanda tuko wakimbizi zaidi ya 130,000, na wengi wetu wako kwenye kambi 5: Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke. Sisi wa Kigali ni wachache, na maisha yetu ni ya namna nyingine. Kambini kuna fedha za chakula za kila mwezi kwa wanaohesabiwa kuwa wanazihitaji zaidi, ijapokuwa nazo zimepunguzwa kila mara. Mjini tunatarajiwa kujitegemea. Tuna uhuru wa kufanya kazi, tunaushukuru, lakini kodi ya nyumba haijui Noeli. Mwenye nyumba anagonga tarehe ileile. Na Januari inakuja na muhula mpya wa shule, na madaftari, na viatu.

Ndiyo maana kila mwaka kuna watoto wa mtaa wetu ambao tarehe 25 Desemba hawatoki. Si wagonjwa. Ukiuliza utaambiwa mtoto ana homa, ama amelala, ama atakuja misa ya jioni. Jioni haji. Jambo lenyewe ni nguo. Mama amemtazama mtoto na ile fulana ya shule, akafikiria wenzake watakavyovaa, akasema moyoni: batu batasema nini? Akafunga mlango. Sisi wengine tumekua kwenye nyumba hizo na tunaijua sauti ya sikukuu inayosikilizwa kutoka ndani: kwaya inaimba kule juu, watoto wanapita njiani wakicheka, na wewe unaambiwa ucheze hapahapa uani.

Mtu atasema, lakini nguo ya mtoto ni kitu gani, si aende caguwa anunue? Tulizungumze hilo la caguwa vizuri, maana vijana wengi wanalisikia nusunusu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza, na mwishowe kusimamisha, uingizaji wa nguo zilizovaliwa kutoka nje, ili viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Chukueni kalamu: robota la kilo 50 lililokuwa linalipiwa ushuru wa dola 10, likawa linalipiwa dola 125. Wenye kuuza nguo kuukuu kule Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na kuanzia tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia sokoni kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Sisi hatuandiki hapa kuipinga hesabu hiyo. Nchi ina haki ya kutaka kuvaa nguo iliyoshona yenyewe, na fundi wa Kimironko naye anataka kula. Tunachosema ni kwamba caguwa ya leo si ile ambayo wazazi wetu walikuwa wakiizungumzia. Bado ipo, lakini mkono wa mama anayeuza mboga au anayefua nguo za watu haufiki kirahisi kwenye gauni zuri la mtoto. Ila kuna nguo moja ambayo ushuru huo hauigusi hata kidogo: ile ambayo iko tayari chini ya kitanda cha jirani. Hiyo haipiti forodhani. Inapita kwenye kichochoro, dakika 5 kwa miguu.

Na sasa tuguse jambo ambalo wengi wetu hatupendi kuliguswa. Kuna valizi nyingine ndani ya nyumba zetu, ya aina yake: valizi ya safari.

Mnajua tunazungumzia nini. Familia imefanya mahojiano, imepimwa afya, imeambiwa ijiandae. Wazazi wamekopa, wamewanunulia watoto nguo za kupandia ndege, nguo nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na makoti mazito, maana huko kuna baridi. Hizo hazivaliwi Noeli wala Bonane, zinangoja siku ya uwanja wa ndege. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akatia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ikaanza kazi tarehe 27 mwezi huohuo, na watu waliokuwa na tarehe mkononi wakaambiwa wasubiri. Wengine walikuwa wameshauza godoro na sufuria. Wanaendelea kusubiri.

Lakini mtoto hasubiri. Mfupa hausomi amri ya rais. Mtoto aliyenunuliwa koti mwishoni mwa 2024 akiwa na miaka 4, mwisho wa 2025 ameshaongezeka sentimita zake 6 au 7. Mikono ya koti imeishia juu ya kifundo. Viatu vya safari, hata havijakanyaga lami, havimwingii tena. Na valizi bado imefungwa, imesimama pale kwenye kona, hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Tunaelewa kwa nini haifunguliwi. Kuifungua ni kama kusema kwamba safari imekufa. Wazazi wetu, hatuwaambii safari imekufa. Hatujui, na ninyi hamjui. Tunawaambia kwamba matumaini hayakai kwenye koti la mtoto wa miaka 4 wakati mtoto mwenyewe ana miaka 5 na nusu. Ndege ikija kesho, koti hilo halitamfaa. Ndege ikichelewa miaka 3, halitamfaa zaidi. Kwa vyovyote vile, nguo hiyo si ya mtoto wenu tena. Ni ya mtoto mwingine ambaye hamjamjua bado. Kuitoa si kukata tamaa. Ni kukubali tu kwamba mtoto amekua, na mtoto kukua ni habari njema, hata katika mwaka mbaya.

Tena tunasema zaidi: kama kuna nguo za safari ambazo bado zinamwingia, mvalisheni Noeli hii. Mwacheni apendeze hapahapa Kimironko. Kwani utoto wake utarudiwa huko atakakokwenda?

Haya, tujibu sasa maneno tuliyosikia, maana tumelizungumza jambo hili kwa muda kabla ya kuliandika na watu wametubana vizuri.

Neno la kwanza: "Kumpa mtu nguo iliyovaliwa ni kumdharau." Ni kweli, inaweza kuwa dharau. Inategemea unavyotoa. Kuna mtu anakusanya nguo zake zisizo na kifungo, zenye doa la mafuta, zenye harufu ya unyevu, anazitia kwenye mfuko, anasema nimesaidia wakimbizi. Huyo hajasaidia, amehamisha takataka. Sisi tumekuwa upande wa kupokea mara nyingi. Tunajua mtu anavyojisikia akifungua mfuko na kukuta kiatu kimoja. Kwa hiyo kipimo chetu ni rahisi: kama usingemvalisha mtoto wako akaenda nayo mbele za watu, usiitoe. Ikate iwe tambara la kufutia sakafu, hakuna aibu. Lakini gauni lililovaliwa siku 8, limefuliwa, limepigwa pasi, halimdharau mtu. Mitoto yote ya ukoo wetu ilivalishwa nguo za kaka zao, na hakuna aliyeita hiyo dharau. Iliitwa kurithi.

Neno la pili: "Mafundi watakosa kazi." Hili tunaliheshimu, maana mama zetu na dada zetu kadhaa wanakula kwa cherehani. Lakini jiulizeni: yule mama aliyefunga mlango tarehe 25, alikuwa anakwenda kwa fundi? Hapana. Hakuwa mteja tangu mwanzo. Tena nguo ikihama kutoka mtoto hadi mtoto, inahitaji mkono wa fundi: kupunguza kiuno, kufumua pindo, kubadilisha zipu, kuongeza kipande cha kitenge kwenye upindo ili gauni lirefuke. Hizo ni kazi ndogondogo, na zinalipwa. Kipande cha kitenge cha yadi 6 kikishashonewa watu wazima huwa kinabakiza mabaki, na mabaki hayo ndiyo kola mpya na mfuko mpya. Tunataka kazi hiyo ibaki sokoni kwetu.

Neno la tatu linasemwa kwa sauti ya chini: "Nguo ya mtoto haitolewi ovyo, watu wana macho mabaya." Hatutamcheka mtu kwa hofu yake. Tumetoka mahali ambapo watu wameona mabaya ya kweli, na anayemwogopea mtoto wake ana sababu. Ndiyo maana hatusemi mkabidhi mtu msiyemjua barabarani. Toeni kupitia mikono mnayoiamini: mama wa kanisani, mwalimu, mzee wa msikiti, au sisi vijana wenu mnaotujua kwa baba na mama. Na anayetaka kufua kwa maji ya chumvi na kuiombea nguo kwanza, afanye hivyo. Nguo iliyoombewa haipungui kitu.

Neno la nne: "Kwa nini nisiuze?" Uza, kama unahitaji pesa. Kweli kabisa. Sadaka si sheria kwa aliyekosa chakula. Ila wengi wetu hatuuzi na hatutoi. Tunaweka. Tunachopigana nacho hapa ni kule kuweka.

Neno la tano lilitoka kwa kijana mwenzetu na lilituuma: "Sisi ndio wa kupewa, siye tutatoa nini?" Hapana, ndugu. Mtu akiitwa mkimbizi kwa miaka 10, 20, anaanza kuamini kwamba mkono wake umeumbwa ukiangalia juu tu. Kiziba iko tangu 1996. Kuna watu wamezaliwa pale, wameoa pale, wamezaa pale, na muda wote huo wamehesabiwa kama midomo ya kulishwa. Mtoto wetu akiona mama yake anakunja gauni zuri na kusema "hii inakwenda kwa mwenzako", anajifunza kwamba nyumba yao nayo ina kitu cha kutoa. Somo hilo halifundishwi kwenye semina.

Basi, vipi tufanye? Tumefikiria hivi.

Kwanza ni wakati. Waislamu wametutangulia katika hili. Zaka ya fitri inatolewa kabla ya swala ya Idi, si baada yake, ili na maskini naye aamke siku hiyo akiwa na sikukuu. Ikitolewa baada ya swala, inakuwa sadaka ya kawaida tu. Hekima hiyo tuichukue wote. Gauni la Noeli likifika tarehe 28 Desemba, limefika kama nguo, halikufika kama Noeli. Kwa hiyo tunaomba nguo zikusanywe kuanzia Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya umuganda, watu wakiwa wameonana tayari. Hapo kuna wiki karibu 4 za kufua, kurekebisha na kupeleka.

Tena msisahau kwamba nguo moja inaweza kufanya kazi mara mbili. Idi ya 2026 itaangukia karibu na tarehe 20 Machi, kwa kutegemea mwezi, na Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Gauni refu la mikono mirefu lililovaliwa Noeli na mtoto wa Bibare linaweza kuvaliwa Idi na mtoto wa Nyagatovu. Kitambaa hakina dini.

Pili ni vipimo. Msiandike umri, andikeni urefu. Mtoto wa miaka 6 wa nyumba hii ni mkubwa kuliko wa miaka 8 wa nyumba ile, wote tunajua. Pimeni nguo kutoka bega hadi chini, andikeni sentimita kwenye kikaratasi, kibandikeni kwa pini. Vifungo vikiwa pungufu, wekeni vipya kabla ya kuleta. Zipu ikikwama, semeni. Viatu fungeni kamba kwa pamoja, jozi isipotee. Nguo za ndani na soksi zilizotumika msilete.

Tatu ni mtoto mwenyewe, yule ambaye nguo ilikuwa yake. Mwulizeni. Msiichukue akiwa shuleni. Kwetu mtoto amepoteza vitu vingi bila kuulizwa: nyumba, marafiki, lugha ya shule. Hili moja aulizwe. Mwonyesheni kwamba haimwingii, mwambieni inakwenda kumpendezesha mwingine. Akisema hapana kwa nguo moja, mwacheni nayo. Atasema ndiyo kwa zile nyingine.

Nne ni njia ya nguo. Hili ni la muhimu sana. Nguo isiende kwa mtoto anayesali kanisa lilelile au anayesoma darasa lilelile na mwenye nguo wa kwanza. Watoto ni watoto. Atasimama mbele ya wote aseme, "Ee, ile ni robo yangu!" na sikukuu ya mwenzake itakufa palepale. Nguo ya Kimironko iende Zindiro, ya Zindiro ije Remera. Na fundi abadilishe kitu kimoja, hata kola tu, hata mfuko tu, ili iwe nguo mpya machoni.

Tano ni mzazi anayepokea. Asiite mtu nyumba kwa nyumba akitangaza "tumewaletea msaada". Zipangwe mahali, kama duka, mzazi aje na kipimo cha mtoto wake, achague mwenyewe. Neno lenyewe caguwa linatokana na kuchagua. Kumpa mtu bila kumpa nafasi ya kuchagua ni kumpa nusu. Na mtoto akiambiwa nguo imetoka kwa mama yake, basi imetoka kwa mama yake. Sisi hatukuwepo.

Sita, kamera. Hapa hatutaki mjadala mrefu. Hakuna picha ya mtoto akipokea nguo. Hata moja. Hata kwa nia njema, hata ya kuwaonyesha wafadhili. Picha hiyo itakaa kwenye intaneti mpaka mtoto awe na miaka 25 anatafuta kazi. Mtoto akipendeza, mama yake atampiga picha mwenyewe, kwa simu yake, na atamtumia bibi yake kijijini. Hiyo ndiyo picha inayotakiwa.

Kuna aina moja ya nguo ambayo tunapendekeza isitolewe kabisa, bali iazimwe. Gauni jeupe la komunyo ya kwanza linavaliwa siku moja. Joho dogo la kumaliza chekechea, saa 3. Imishanana ya watoto wa kikundi cha ngoma, siku za onyesho tu. Kushona hizo kila mwaka kwa kila mtoto ni kujitia umaskini wa hiari. Tukiwa na sanduku moja la pamoja, lenye daftari la kuandika nani amechukua nini na amerudisha lini, magauni 10 yatawahudumia watoto wa miaka mingi. Mzazi anarudisha ikiwa safi, basi. Na mwenye uwezo wa kushona la mwanawe, ashone, kisha siku ikipita alilete sandukuni.

Tunajua hili halitatatua makubwa. Gauni halilipi kodi ya nyumba. Koti halirudishi safari iliyosimamishwa, wala halirudishi amani tulikotoka. Asitokee mtu akatuambia kwamba tukigawana nguo basi wanaopaswa kutusaidia wapumzike. Hayo ni mengine, na tutaendelea kuyaandika. Ila kuna mlango mmoja wa Kimironko ambao hufungwa kila tarehe 25 kwa sababu ya kitambaa, na kitambaa chenyewe kipo, kimekunjwa, mtaa wa pili. Hili haliwezi kungoja mkutano wa wakubwa.

Kwa hiyo wiki hii, mama zetu, baba zetu, vuteni ile valizi. Mvalisheni mtoto kila nguo ya sikukuu, moja baada ya nyingine. Inayomwingia, irudi ndani. Ya kumbukumbu, moja, irudi ndani. Zinazombana zifueni, zipimeni, na mtuambie tuje kuzichukua. Vijana wa kubeba tupo, mafundi wawili wa sokoni wameshakubali kutupunguzia bei ya marekebisho, na daftari tumeshanunua. Tunaanza na urefu wa sentimita 60 hadi 90, maana huko ndiko tulikoombwa zaidi. Anayehitaji nguo naye atuambie kimya kimya, jina la mtoto si lazima, urefu tu unatosha.